Hesabu Hadi Kumi na Tano

Hivi mtu akiugua ubongo, anayetakiwa kupimwa akili ni yeye au ni ndugu zake? Usijibu haraka. Soma kwanza mpaka mwisho, maana kuna watu husambaza ujumbe hata hawajaufungua.

Huko milimani kunakolimwa kahawa aliishi mwalimu mstaafu, jina lake Perpetua. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na miwili. Nusu ya watu wazima wa mji ule aliwashika mkono yeye, wakaandika herufi yao ya kwanza.

Mwaka jana akashikwa na homa. Shingo ikakakamaa, akaanza kuwaita kuku kwa majina ya wanafunzi wake. Kwa kuwa aliishi peke yake, mdogo wake Gaudensi akamchukua kwake siku ya Alhamisi. Siku tatu baadaye alifikishwa hospitali kubwa akiwa hajitambui. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye ubongo.

Alilazwa wiki sita, akapona. Lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, na maneno yakawa yanamjia moja moja, kama watoto waliochelewa kengele.

Binti yake, Otilia, aliacha kazi ya maabara mkoa wa mbali akarudi kumuuguza. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimpa sharti moja. "Ukimuuliza mama jambo, usimmalizie neno. Hesabu moyoni hadi kumi na tano. Ubongo wake unachonga njia mpya. Ukimrukia, unaiziba."

Basi Otilia akahesabu. Mama, chai au uji? Moja, mbili, tatu. Miezi minane. Siku mama alipotamka "uji" kwa mara ya kwanza kabla ya kumi na tano, Otilia alikwenda jikoni akalia mbele ya sufuria.

Sasa mtazame mjomba wake. Gaudensi, mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa koti hata jua likiwaka. Kwenye misa ya shukrani alisimama akaeleza alivyohangaika kumwokoa dada yake. Watu wakapiga makofi. Kisha akaongeza, kwa huzuni aliyoipima vizuri, kwamba dada angepona kabisa kama Otilia asingepuuza simu aliyompigia Alhamisi, akaja Jumapili.

"Vijana wa siku hizi," alisema, "kazi kwanza, mzazi baadaye."

Otilia alipigiwa simu Jumapili. Alilisema hilo mara tatu, mara ya nne akanyamaza. Nani ataacha neno la mwenyekiti aamini la binti? Sokoni wanawake wakaanza kumsalimia kwa ncha za midomo.

Haikutosha. Mjomba akaitisha kikao cha ukoo, sebuleni kwa mwalimu, mwalimu mwenyewe ameketi pale pale. Wakamjadili kama kabati la kuhamishwa.

"Dada hajarudiwa na akili," alisema Gaudensi. "Namchukua kwangu, apumzike. Haya mambo ya kumsumbua kwa maswali kutwa nzima yaishe."

"Mjomba, akiacha mazoezi sasa hataongea tena," alisema Otilia.

"Wewe tena? Wewe hasa ndiye wa kusema?"

Shangazi Kandida, mtu wa huruma lakini mwoga wa ugomvi, akaingilia. "Jamani, tumuulize wifi mwenyewe. Akijibu sawasawa, abaki na mwanawe. Asipojibu, Gaudensi amchukue."

"Haya." Mjomba akamwinamia dada yake usoni, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "DADA! HAPA NI KWA NANI?"

Moja, akaanza Otilia moyoni. Mbili. Tatu.

"Mnaona wenyewe?"

"Bado, mjomba. Mwache atafute neno."

"Atafute nini, nyumba yake?" Mtu mmoja akacheka.

Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Kwa... ngu," alisema mwalimu. "Na usini... pigie kelele. Niliugua ubongo. Masikio, hapana."

Kicheko kikahama upande. Mjomba akajifuta jasho. "Tumshukuru Mungu. Ila nilikuwa na swali jingine..."

Mwalimu akanyanyua mkono wa kushoto, taratibu, kama alivyozoea kunyamazisha watoto sabini. Watu wazima wakanyamaza.

"Zamu... yangu. Gaude. Ile Alhamisi. Nesi wa zahanati alikupa barua. Nipelekwe hospitali kubwa. Siku... hiyo hiyo. Barua uliiweka wapi?"

Kandida akafungua mdomo: "Labda wifi kachanganya si..."

"Shangazi, tusimmalizie," alisema Otilia. "Mwache mjomba naye atafute neno." Akaanza kuhesabu, safari hii kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu."

Mjomba alitazama dari. Akatazama viatu vyake. Kumi na tano ikafika, ikapita. Hakuna aliyemsaidia.

"Mlifungulia redio," alisema mwalimu. "Kubwa. Halafu nikasikia... vigelegele."

Hapo watu wakaanza kuangaliana. Jumamosi ya wiki ile ile Gaudensi alipokea wageni wa posa ya binti yake, Viktoria. Nusu ya waliokuwa sebuleni walikula wali wa siku hiyo. Waliambiwa dada wa mwenye nyumba amelala chumba cha nyuma, malaria kidogo, msimsumbue. Wakaomba kuongezewa nyama.

"Thelathini na sita," alisema Otilia. "Thelathini na saba. Thelathini na nane."

Gaudensi akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, kama mtu anayetarajia kukuta kitu. Akautoa mtupu.

"Niliiweka humu," alisema. "Wageni wangesikia ni ubongo, wangesema ukoo wetu una wazimu, warudi na posa yao. Nikasema ipite Jumamosi tu. Nilikaa na ile barua siku tatu, dada, na wewe unaungua chumba cha nyuma. Na Otilia sikumpigia Alhamisi. Nilimpigia Jumapili."

Funzo: Aliyeugua ubongo akikawia kujibu, mpe muda, neno analitafuta. Mzima akikawia kujibu, mpe muda vilevile wala usimsaidie. Huyo neno analo, anachotafuta ni ujasiri. Na mgonjwa aliyeandikiwa hospitali leo apelekwe leo, wageni watajipakulia wenyewe.