Chui wa Ubaoni

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri. Mmeitikia hata kabla hamjajua nataka kuwaambia nini. Na wakubwa nao wameitikia, mihogo mdomoni. Basi kaeni, hadithi ya leo inawahusu.

Hapo zamani za kale wanyama wadogo wa nyikani walikuwa na shule. Ilikuwa na kuta nusu, paa la nyasi, na kengele ya chuma iliyotundikwa mtini. Kengele ikipigwa, nge-nge-nge, inasikika mpaka mwambani. Na huko mwambani, ndani ya ufa mwembamba, ndiko uji wa shule ulikopikwa.

Kengele hiyo ya uji haikuguswa ovyo. Aliyeipiga ni Ngedere, kiranja wa zamu. Mwingine akiigusa, shule kwake imekwisha.

Darasa la saba lilifundishwa na Mwalimu Hondohondo. Mdomo wake mnaujua. Mdomo huo ndio uliompa ualimu.

Siku moja mwalimu akachora chui ubaoni. Akamtia madoa sita. Akamtia mkia. Akamgeuza uso, akamtazamisha dirishani. Chini ya tumbo akamwandika jina: CHUI. Kisha akashika fimbo.

"Huyu nani?"

"Chui."

"Akija anafanyaje?"

"Ananguruma."

"Na sisi tunafanyaje?"

"Tunakimbilia mwambani."

"Tumeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu."

Asubuhi hivyo. Mchana hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Darasa liliitikia kwa sauti moja, na sauti ikavuka uwanja, ikaingia majanini. Na majanini, jamani, alikuwa amelala chui mwenyewe. Muhula mzima alikuwa palepale. Hakukosa kipindi hata kimoja.

Dawati la nyuma walikaa wawili, Kanga na Pimbi. Kanga alikuwa wa kwanza darasani, na kichwani alikuwa na kishungi kizuri ajabu. Pimbi hakuwa wa kwanza. Pimbi alikuwa na maswali.

Pimbi akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe umewahi kumwona chui?"

"Nimemnakili kwa mwalimu wangu."

"Na yeye alimwona?"

"Alimnakili kwa mwalimu wake. Kaa chini."

Pimbi akakaa. Akanyoosha tena. "Mwalimu, na chui akigeuka?"

"Akigeuka wapi?"

"Akitazama huku mlangoni. Atakuwa bado ni chui?"

Mwalimu akamtazama chui wake ubaoni. Kisha akakasirika.

"Hilo haliji kwenye mtihani," akasema. "Samaki mkunje angali mbichi. Toka nje ukafagie uwanja. Na ukinikosea tena, mtihani wa mwisho hufanyi. Utarudia darasa."

Pimbi akatoka, roho imemsinyaa. Mama yake alikwisha watangazia majirani wote kwamba mwaka huu mwanawe anamaliza shule. Akashika ufagio. Fya, fya, fya. Akafagia kwa uchungu.

Alipofika karibu na mlango akaona nyayo mchangani. Nyayo pana, hazina kucha. Akanusa. Harufu ikampanda puani, manyoya yakamsimama. Hakuwa amefundishwa harufu hiyo, lakini miguu ilikwisha taka kukimbia.

Akachungulia juu ya ukuta.

Ndani, mbele ya ubao, alisimama mgeni. Amejinyoosha, amejilamba, anang'aa. Hakunguruma. Alikuwa amesikia kwamba chui hunguruma, basi yeye akakohoa kidogo, kwa adabu.

"Hodi wenyewe. Mimi ni mkaguzi."

Mwalimu Hondohondo akainama mpaka mdomo ukagonga sakafu. "Karibu, mzee, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Darasa, simama."

Darasa likasimama. "Shikamoo, mgeni wetuuu."

"Marahaba, wanangu," akasema mgeni, na mate yakamdondoka. "Mmejifunza nini?"

"Chui."

"Ahaa. Huyo chui nimesikia ni mbaya sana."

"Mwalimu," Pimbi akaita kutoka ukutani, "huyo ndiye chui."

Darasa likageuka. Likamtazama mgeni. Likautazama ubao. Likamtazama mgeni tena.

Ngedere akasimama, kiranja mzima. "Mwalimu, si chui. Chui ana madoa sita. Huyu ana mengi mno."

"Na chui anatazama dirishani," akasema Digidigi. "Huyu anatazama mlangoni."

"Na chui ameandikwa jina chini ya tumbo," akasema Kanga, maana yeye ndiye wa kwanza. "Huyu hana maandishi."

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kaa-kaa-kaa, kwa fahari. "Umewasikia, mzee? Hawa ndio wanafunzi wangu."

"Nimewasikia," akasema mgeni. "Endelea kuwafundisha hivyo hivyo, mwalimu, usibadilishe kitu. Sasa huyo wa kwanza aje hapa mbele. Nina zawadi yake."

Darasa likapiga makofi. Pa, pa, papa. Kanga akainua kishungi chake, akaanza kwenda mbele kwa maringo.

Pimbi akaona. Apige kelele? Wamekwisha mcheka. Aingie ndani? Mgeni ana meno. Akatazama kengele juu mtini. Akamkumbuka mama yake. Akakumbuka mtihani. Kanga akapita dawati la kwanza. Pimbi akatupa ufagio, akaparamia mti, akashika chuma.

Nge-nge-nge! Nge-nge-nge!

Enhe. Mnajua wenyewe kengele ya uji inavyofanya. Hakuna aliyefikiri. Hakuna aliyeuliza. Dawati likaanguka puu, la pili puu, likamwangukia mgeni mkiani. Ngedere juu ya ukuta, Digidigi juu ya ukuta, vumbi tifutifu, "Uji! Uji!" Mgeni akaruka kwa maumivu na kumdaka Kanga kichwani. Kanga naye alikuwa na njaa ya uji kama wengine. Akajichomoa kwa nguvu. Kishungi kikabaki mdomoni mwa mgeni, Kanga akabaki na roho yake.

Wote mbio mpaka mwambani, wakajitia ndani ya ufa, Pimbi wa mwisho.

Uji haujaiva. Maji hata hayajachemka.

"Nani kapiga kengele?" akauliza Ngedere kwa hasira. "Saa haijafika."

Wakamgeukia Pimbi, wakamsonya. Wakaanza kutoka warudi darasani. Ndipo mkono mpana ukaingia ufani, ukakwaruza mwamba, na nje kukasikika: nguruuu.

Wakatazamana.

"Amenguruma," akasema Ngedere kwa sauti ndogo. "Basi ni chui."

Chui akangoja. Akachoka. Akaondoka na kishungi chake.

Na mwalimu? Alikuwa juu ya paa. Kati ya wote, yeye ndiye aliyewahi. Kulipotulia akashuka, akajikung'uta, akawafuata mwambani. "Mmeona? Si niliwafundisha mkimbilie mwambani? Somo limeeleweka."

"Ndiyo, mwalimuuu."

Kesho yake Pimbi akaitwa mbele.

"Kengele ulipiga wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Saa ya uji ilikuwa imefika?"

"Hapana, mwalimu."

Basi. Mtihani hakufanya, shuleni akafukuzwa. Darasa zima lilikuwa pale, zima na hai, na hakuna aliyefungua kinywa. Mama yake alilia, nami ninaposimulia hapa huona hasira.

Kisha mwalimu akachukua chaki. Akachora chui wa pili, akamtazamisha mlangoni. "Tulikosea kidogo. Chui ni wawili. Tumeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu."

Mkono mmoja ukabaki juu. Ulikuwa wa Kanga, kichwa kipara, hakijapona.

"Mwalimu, na akija anatutazama sisi?"

"Toka nje."

Kanga akatoka. Akamkuta Pimbi amekaa peke yake juu ya mwamba, anaitazama nyika. Akakaa karibu naye.

Ndiyo maana mpaka leo kichwa cha kanga hakina manyoya. Na ndiyo maana pimbi wakiota jua mwambani, mmoja wao hukaa pembeni, hali, halali, anatazama huku na huku. Wenzake hawamfukuzi. Wao walijifunza.

Funzo lake ni hili: kuitikia si kuelewa, na kuuliza si ujinga. Anayemtoa nje mwenye swali amemfungulia chui mlango.

Mmeelewa?

Ndiyooo.

Haya. Nani ana swali?

Mbona kimya?

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye swali abaki, wengine kalaleni.