Mzee Ambakisye na Mkono Aliomficha Fundi

Mficha mkono, fimbo humuumbua. Nahodha wetu alimwambia Nsajigwa maneno hayo asubuhi ya leo mbele ya wenzake, na Nsajigwa akacheka bila kujua anachekea nini. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Msidhani ni methali iliyoachwa na mababu. Ilizaliwa hapa hapa Lupepo, kwenye uwanja huu wa gofu ulio katikati ya mashamba ya chai, na mimi Tumpale nilikuwapo ilipozaliwa. Kaeni basi, maana ukungu huu hautaondoka sasa hivi. Wewe Atupele, endelea kufuta fimbo zako. Husikilizi kwa mikono.

Chanzo chake ni Mzee Ambakisye, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha chai kabla hajastaafu. Shimo la mwisho mnalijua. Unasimama juu ya kilima, mbele yako kuna bonde lililojaa chai, na bendera iko ng'ambo. Zamani wachezaji wote walikuwa wanapiga mpira kwanza hadi ukingoni mwa bonde, kisha wanauvusha kwa pigo la pili. Ambakisye ndiye wa kwanza kuuvusha kwa pigo moja. Siku hiyo watu walimbeba mabegani mpaka barazani, na tangu hapo wakamwita Mvusha Bonde. Ni jina tamu, na jina tamu mtu haliachi kwa hiari yake.

Lakini miaka haijui jina la mtu. Mkono wake ukaanza kupungua kasi, na mpira ukawa unavuka bonde kwa kudra tu, ukianguka pale pale chai inapoishia. Sheria ya klabu inawaruhusu wazee waanzie kituo cha mbele, kule tunakoanzia sisi wanawake. Mimi nimeanzia huko maisha yangu yote na sijafa. Mzee Ambakisye yeye alikuwa akifika hapo anageuza uso, kama mtu aliyepita mbele ya nyumba ya mdai wake.

Alikuwa na binti, Subilaga, mpole wa maneno lakini si wa fimbo. Mwaka huo klabu iliandaa Kombe la Jozi. Katika mchezo wa jozi, watu wawili hutumia mpira mmoja: ukipiga wewe, pigo linalofuata ni la mwenzako, hivyo hivyo mpaka mpira uingie shimoni, na kila shimo mnapokezana wa kuanza. Ukiutupa mpira vichakani, mwenzako ndiye anayekwenda kuutoa huko. Jozi ya washindi ingepelekwa Dar es Salaam kwenye mashindano makubwa, na walimu wa timu ya taifa ya wasichana wangekuwapo kutazama nani anafaa. Subilaga alikuwa akiingoja nafasi hiyo tangu alipokuwa shuleni. Umri wake ulikuwa unamruhusu mwaka ule tu, baada ya hapo basi.

Angeweza kumchagua mchezaji yeyote awe mwenzake, na wengi walimwomba. Akamchagua baba yake, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kushika fimbo.

Wiki chache kabla ya kombe akaja fundi wa fimbo kutoka mjini na mashine yake ya kupimia. Aliiweka kwenye ghala la zamani la chai, akatundika wavu, na kila aliyetaka fimbo mpya aliingia, akataja jina, akapiga mipira kwenye wavu. Mashine ilionyesha kasi ya mkono wake na jinsi mpira unavyozunguka. Fundi alikuwa mgeni, alisikia majina tu, hakumjua mtu yeyote kwa sura.

Wakati huo kila mtu alikuwa anaizungumzia fimbo kubwa ya kuanzia, ile inayoitwa ya mzunguko mdogo. Bingwa wa kanda alikuwa nayo, nyeusi, inang'aa, na Mzee Ambakisye aliiona akaipenda. Fundi alitueleza wazi barazani. Mpira ukipigwa huzunguka kwa kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaoubeba hewani. Mwenye mkono wa kasi mpira wake huzunguka kupita kiasi, hupanda juu mno na kupoteza urefu, kwa hiyo fimbo ya mzunguko mdogo humsaidia. Mwenye mkono wa polepole anauhitaji mzunguko ule. Ukimwondolea, mpira wake utashuka chini kama parachichi lililoiva. Kisha akasema hamtengenezei mtu yeyote fimbo hiyo mpaka mashine imkubali.

Hapo Mzee Ambakisye alipaswa kusikia. Alisikia, ila alisikia kwa sikio la mtu aliyekwisha kupenda.

Alikuwa na mpwa wake, Lusekelo, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mabega kama mlango. Huyo ndiye aliyekuwa mwenzangu katika kombe lile. Mambo ya ghalani nilikuja kuyajua kutoka kwake, na alinieleza huku akitazama viatu vyake.

Siku moja mvua ilikuwa inanyesha na watu wamejikusanya kwenye chumba cha chakula. Mzee akamchukua mpwa wake hadi ukutani mwa ghala.

"Ingia humo ukapige," akamwambia. "Ukiulizwa jina, taja langu."

"Mjomba, atakupa fimbo ya mkono wangu."

"Mkono wako ni wangu wa jana. Nikiishika fimbo yenyewe, nguvu itarudi."

"Na isiporudi?"

"Lusekelo, nimekulea. Sijawahi kukuomba kitu."

Na kweli alikuwa amemlea tangu mama yake alipofariki. Lusekelo akaingia, akataja jina la mjomba wake, akapiga. Mashine ikasifu. Fundi akamwambia, "Mzee Ambakisye, una mkono wa ajabu, ila fimbo hii usimwazime mtu." Alishangaa kidogo kumwona mzee mbichi hivyo, lakini wazee wa milimani kwetu wanasifika kwa kutozeeka, akaliacha.

Siku ya kombe ikafika. Tulipangwa pamoja, jozi yetu na jozi yao, kwa hiyo niliona kila kitu kwa macho yangu. Mzee alitoa fimbo yake mpya kwenye mfuko, watu wakaizunguka, wakaigusa kichwa. Akapiga pigo la kwanza. Mpira ukaondoka chini chini, ukaenda kidogo, ukazama kwenye chai.

"Upepo," akasema.

Subilaga akaingia kwenye chai hadi kiunoni, akautoa. Alipiga pigo ambalo mpaka leo sijui alilipigaje. Shimo lililofuata ambalo baba alianza, hali ikawa ile ile. Safari hii alisema ni ardhi mbichi. Baadaye akasema ni jua. Nami nikasema moyoni kwamba jua, upepo na ardhi vyote vimemkosea mzee huyu mmoja siku moja. Kadiri mpira ulivyokuwa unaanguka karibu ndivyo alivyozidi kupiga kwa nguvu, na alivyozidisha nguvu ndivyo ulivyokwenda kombo. Shati lilimlowa mgongoni. Subilaga alikuwa anatoka kwenye chai akiwa amechanika mikono, na kila akitoka alimwambia, "Pole baba, nilikuharakisha."

Yeye ndiye aliyekuwa anaomba radhi. Lusekelo alishindwa hata kunywa maji.

Mimi nami sikuwa mjinga. Nilimwona mpwa akiikwepa fimbo ile kwa macho, nikajua kuna jambo, lakini nikanyamaza kwa kuwa tulikuwa tunashindana.

Kwa jinsi yule binti alivyocheza, tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa. Watu walikuwa wamejaa kilimani kumtazama Mvusha Bonde. Lusekelo alianza upande wetu, mpira ukavuka bonde vizuri, na hakuonyesha furaha yoyote. Kisha ikawa zamu ya mzee. Subilaga akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Baba, chukua fimbo fupi. Fikisha mpira ukingoni tu, mimi nitauvusha."

"Watu wote hawa wamekuja kuniona napiga hadi ukingoni?"

"Wamekuja kutuona tukishinda."

"Bonde hili nimelivuka kabla hujazaliwa, mwanangu."

"Najua, baba. Leo nivushe mimi kwa kuliacha."

Akamtazama. Nadhani alikuwa karibu kukubali, mkono wake ulikwishagusa fimbo fupi mfukoni. Lakini mtu mmoja nyuma akaita, "Mvusha Bonde," na wengine wakaitikia. Mkono ukarudi kwenye ile nyeusi. Akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukatoka vizuri, ukanyooka, ukafika juu ya bonde, na hapo hapo ukakata tamaa ukashuka. Tulisikia majani ya chai yakiupokea. Kilimani pakawa kimya, na kimya cha watu wanaokupenda ni kibaya kuliko kuzomewa.

Mpira haukuonekana tena. Kwa sheria Subilaga akapiga mwingine kutoka pale pale, akauvusha kwa pigo moja, safi, mbele ya baba yake. Lakini adhabu ilikwisha kuandikwa. Tukawashinda kwa pigo moja tu.

Jioni tulipokusanyika barazani, nahodha akawaita walioshindwa kwanza ili wapigiwe makofi. Subilaga akasimama, mikono yake ina mikwaruzo, akasema, "Naomba msimlaumu baba. Anaumwa bega. Mimi ndiye niliyemlazimisha kucheza." Hakuwa na habari ya bega lolote. Aliutunga uongo ule papo hapo ili baba yake apate pa kujifichia.

Nilimtazama mzee. Uso wake sikuuona, alikuwa ameuinamisha. Lusekelo, ambaye alikuwa ameshika kombe pamoja nami, akaliachia nikabaki nalo peke yangu, akaanza, "Mjomba, niseme..." Mzee akainua mkono kumzuia, akasimama.

"Bega langu ni zima," akasema. "Mkono wangu umezeeka, basi, na mimi nikauonea haya. Fundi alipokuja nilimtuma Lusekelo akapimwe kwa jina langu. Yeye hana kosa, nilimbana kwa malezi. Nilimficha fundi mkono wangu, fimbo ikaja kuniumbua mbele yenu." Akaisimamisha fimbo ile ukutani. "Kuumbuka mimi si kitu. Nimemponza mwanangu. Nafasi yake nimeitupa kwenye chai, na yeye bado ananitafutia bega la kuumwa."

Hakuna aliyempigia makofi. Alishuka ngazi za baraza akiwa ameiacha fimbo ile ukutani, na Subilaga akamfuata. Walikwenda nyumbani kwa njia ya katikati ya chai, baba mbele, binti nyuma, na sikuwaona wakizungumza.

Mimi na Lusekelo tulikwenda Dar es Salaam, tukacheza vibaya, tukarudi. Timu ya taifa ikachaguliwa bila yule binti. Subilaga hakulitaja jambo lile tena, wala hakumnunia baba yake hata siku moja, na mzee aliwahi kuniambia kwamba afadhali angemnunia. Kila mzee alipomwona binti yake akifundisha watoto wadogo kwenye uwanja wa mazoezi, alizunguka apite upande mwingine.

Mwaka uliofuata fundi alirudi. Ghala lilijaa watu. Mzee Ambakisye akaingia, amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, Subilaga pembeni yake kwa kuwa mzee mwenyewe alimwomba aje. Fundi akamuuliza jina, akalitaja.

"Ambakisye?" fundi akasema. "Wewe nilishakupima."

"Hukunipima mimi."

Akapiga. Mashine ikaonyesha tarakimu ndogo, na sote tuliiona. Mzee hakugeuza uso. Aliitazama tarakimu ile mpaka fundi mwenyewe alipoizima. Akatengenezewa fimbo ya mkono wake, yenye uso uliolala, inayoupa mpira mzunguko wa kutosha, na mpaka alipofariki alianzia kituo cha mbele pamoja nasi wanawake. Mipira yake ilipaa vizuri. Wakati mwingine ikipaa hivyo, nilimwona akigeuka kumtafuta binti yake, na hayupo, yuko kwa wale watoto kwenye uwanja wa mazoezi.

Ndiyo hadithi yenyewe. Wachezaji wakaanza kuyarudia maneno yake, yakafupika, yakawa hayo aliyoambiwa Nsajigwa, ambaye nasikia ameagiza fimbo ya bingwa wa mwaka huu kabla hajapimwa. Mbona hucheki sasa, Nsajigwa mjukuu wangu? Fundi yumo ghalani mpaka jioni. Unaniomba nimzuie Atupele, mwenzako wa jozi, asije kukutazama? Simzuii. Atupele, acha hizo fimbo, twende wote tukamwone akipiga. Mficha mkono, fimbo humuumbua.