Mdomo wa Kuazima

Hapo zamani, enzi ambazo watu wengi walijiona kwenye ndoo ya maji tu, paliishi katika mji mmoja wa Ujerumani mchoraji aliyeitwa Lenhart. Chama cha wachoraji wa mji ule kilikuwa na sharti: anayetaka kuwa fundi mkuu ajichore mwenyewe, na uso uwe na uhai. Akishindwa mara nne, afungashe virago.

Lenhart alijichora mara ya kwanza, akajipa pua ya askofu. Wazee wa chama wakamrudishia. Mara ya pili akajipa mashavu ya malaika. Wakamrudishia. Mara ya tatu akajipa vyote viwili. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na kioo mbele yake! Sasa alibakiwa na ubao mmoja wa kuchorea, na hofu ilimkosesha hata hamu ya kula.

Akaketi mbele ya kioo, akamwomba mkewe Apolonia amletee lile joho lake la mahameli ajichore amelivaa.

"Joho nimelikata," Apolonia akasema. "Nimewatandikia kuku wanaoatamia."

Macho yakamtoka Lenhart, nywele zikamsimama, mdomo ukaachama. Akajiona kiooni, na kwa mara ya kwanza akaona mtu. Akadaka brashi. Macho aliyapata, nywele alizipata, lakini kufika mdomoni hasira zilikuwa zimeshapoa. Kila alipojaribu kuachama tena, alionekana anapiga miayo.

Akakimbilia kwa jirani yake Jobst, mshona viatu aliyekuwa akiumwa jino. Jobst alikaa siku tatu mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka, Lenhart akiuchora, hadi mdomo ukakamilika pale ubaoni.

Wazee walipoiona picha, mmoja wao alirudi nyuma hatua mbili. Wakatoa kiti cha fundi mkuu, ambacho anayekikalia hula karamu zote za chama hadi kufa kwake. Lenhart alikuwa ameshakunja magoti akae, Jobst akaingia.

"Mdomo ule ni wangu," akasema. "Hata lile jino bovu ni langu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nyuma yake akaja Apolonia, manyoya ya kuku yamemganda kwenye aproni. "Mnadhani joho lilikatwa kwa bahati mbaya? Miaka kumi na moja huyu anajitazama asijione. Uhai mlioutaka nimeutia mimi, kwa mkasi."

Lenhart alitamani kukana, lakini jino bovu lilikuwa pale ubaoni, na ya kwake yote yalikuwa mazima.

"Mkono ni wangu," akasema taratibu. "Na nikifukuzwa, virago navyo ni vyangu."

Wazee wakaitazama picha, picha ikawatazama wazee. Bata wa karamu ameshaiva, kiti ni kimoja, na hakuna aliyethubutu kukata shauri.

Haya, nyinyi mnaocheka hapo, kateni nyinyi: mkono, mdomo au mkasi, nani alistahili kukikalia?