Mbwa wa Sikukuu ya Roko

Paukwa!

— Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, au niende zangu kulala! Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, tauni ilikipiga kijiji cha Kilambo. Kila aliyeugua alipelekwa kibandani msituni, na binadamu aliyemfuata huko hakuruhusiwa kurudi tena. Ndiyo sheria yao. Huko alilala Sesilia, mtoto wa pekee wa mjane Perpetua. Aliyemlisha ni mbwa wao, Tambo: kila asubuhi mkate mdomoni, kibuyu cha maji shingoni, mbio msituni.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Roko. Wazee wa kanisa husema huyo aliugua tauni akajificha porini, na mbwa akamletea mkate mpaka akapona. Basi kila mwaka watu wa Kilambo walichagua mbwa mmoja, wakamvika shada la maua, wakamfunga kwenye nguzo ya kanisa siku tatu, wakamlisha nyama. Mwaka huo katekista Damiani akasema, "Mama Sesilia, nani kama Tambo wako?"

Perpetua akavimba kichwa. Akamfunga kamba kwa mikono yake mwenyewe. "Mtakatifu akiheshimiwa, mwanangu atapona," alijiambia.

Siku ya misa Tambo akalia, "Mama, nifungue, Sesilia ana kiu!"

"Nyamaza, Tambo. Ngoja misa iishe."

Siku ya maandamano akalia, "Mama, nifungue, Sesilia ana kiu!"

Perpetua akaishika kamba. Damiani akamkemea, "We mama, unataka kumkasirisha mtakatifu?" Perpetua akaiachia kamba.

"Ngoja maandamano yaishe, Tambo."

Siku ya karamu mbwa sauti imemkauka. "Mama, nifungue, Sesilia ana kiu."

"Ngoja karamu iishe."

Lo! Mmewaona watu hao? Wanamsifu mbwa aliyemlisha mgonjwa wa kale, na mgonjwa wao wamemfungia mbwa wake!

Karamu ikaisha. Tambo akafunguliwa, akatoka mbio na mkate na kibuyu, maua yakipukutika njiani. Perpetua akangoja mlangoni. Akamwona anarudi polepole, mkate bado mdomoni. Mbwa akautua miguuni pake.

"Mama, mlaji hayupo."

Perpetua aliuokota mkate, akaukumbatia, akashika njia ya msituni.

"Mama Sesilia!" Damiani akaita. "Ukienda hurudi!"

"Najua. Juzi ndipo nilipopaswa kwenda."

Hakurudi. Tangu hapo, sikukuu ya Roko ikifika Kilambo, mbwa hafungwi, na kengele ya misa haipigwi kabla wagonjwa hawajala.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na kama yupo aliyeacha mgonjwa nyumbani ili anisikilize mimi, ainuke aende.