Nani Apewe Ufunguo wa Seva?

Tupatane kabla sijaanza. Hadithi hii huishia kwenye swali, na swali hilo ni lenu kulijibu. Anayetaka kusikiliza bure halafu aseme "mimi simo" aondoke sasa, mlango ule pale. Mmebaki? Haya.

Pale Iringa palikuwa na nyumba ya seva. Seva ni kompyuta kubwa ya chuma, inanguruma kutwa kucha. Ndani ya seva moja huishi mashine nyingi zisizo na mwili, tunaziita mashine pepe: moja ya shule, moja ya kiwanda cha chai, moja ya hospitali. Kila moja hujiona ina nyumba yake, kumbe ni wapangaji tu, na wote huweka mali zao katika ghala moja la diski. Ukielewa hapo, umeelewa. Anayekwambia mambo haya ni ya wenye vyeti peke yao anakutisha tu. Mimi niliyajua kwa kufungua skrubu na kuzifunga.

Walifanya kazi humo watu watatu, wote wa mkataba wa muda.

Semeni Kikoti alikuwa na ulimi ulionyooka. Uongo hakuuweza, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni chakula kipo tele.

Luvanda alikuwa na mikono. Aliweza kuhamisha mashine pepe kutoka seva hii hadi ile ikiwa hai, inafanya kazi, na mwenye mashine asihisi lolote. Ni kama kumbeba mtoto aliyelala umtoe mkekani umlaze kitandani asiamke.

Tusekile alijaliwa kutoamini. Hakuamini diski, hakuamini umeme, hakumwamini meneja. Kila alichopewa kukilinda alikitolea nakala. "Diski ikifa haiagi," ndivyo alivyosema kila akichekwa.

Meneja wao aliitwa Mtweve. Sasa sikilizeni, maana ubaya wote unatokea hapa. Iko desturi katika kazi ile: kila mashine huahidiwa nafasi kubwa kuliko iliyopo ghalani, kwa sababu wapangaji hawajazi vyumba vyao siku moja. Si kosa, ukiwa na kiasi na ukiwa macho. Mtweve hakuwa na kiasi. Nafasi ile ile aliwaahidi wa chai, akawaahidi wa shule, akawaahidi wa michezo ya kubahatisha, na mdomo haukumchoka.

"Bosi, tunaahidi hewa," Semeni alimwambia.

"Hewa haijawahi kumdhuru mtu," Mtweve akajibu, akacheka peke yake.

Siku moja asubuhi, jua limeshapanda, ghala likajaa. Likajaa pomoni. Mashine zote pepe zikaganda kama zilivyokuwa, nyingine zikiwa katikati ya kuandika.

Na hospitalini, kitoto cha kike kiitwacho Atuganile kilikuwa kimeshalazwa juu ya meza ya upasuaji. Kichwa kimenyolewa, dawa ya usingizi imeingia. Kilikuwa na uvimbe ndani ya kichwa, na picha za kuonyesha uvimbe ulikokaa zilipigwa Mbeya, zikatumwa, zikahifadhiwa katika mashine ya hospitali. Mashine ile ile iliyoganda. Daktari akageukia kioo cha kompyuta, akakuta kitupu. Akapiga simu.

Semeni ndiye aliyekuwa karibu na simu. Mtweve akamkonyeza, akanong'ona, "Mwambie ni mtandao tu, unarudi sasa hivi." Ndivyo wateja wote walivyoambiwa sikuzote. Semeni akampa mgongo.

"Daktari, si mtandao. Ghala letu limejaa. Tuliwaahidi nafasi isiyokuwepo, na sijui picha kama ni nzima. Usimpasue mtoto bado."

"Dada, nilishakaribia kuanza. Nilizitazama jana, nazikumbuka."

"Unazikumbuka zote?"

Daktari akakitazama tena kile kioo kitupu.

"Basi nakuomba usimpasue bado. Tukishindwa nitakupigia mimi mwenyewe, na nitakwambia tumeshindwa."

Daktari akaweka kisu chini. Mtweve akapiga meza: "Umetuuza!" Semeni akamjibu, "Uliuza wewe, bosi. Mimi nimetaja bidhaa tu."

Lakini kusubiri hakufungui picha. Mashine iliyoganda haiamki bila nafasi, na nafasi haikuwepo. Luvanda akatazama chumba. Pembeni palikuwa na seva kuukuu yenye diski zake yenyewe, Mtweve ameibandika karatasi: ISIGUSWE, IMEPATA MNUNUZI. Luvanda akaibandua karatasi, akaiwasha seva. Kisha akaiendea mashine ya kampuni ya michezo ya kubahatisha, mteja aliyetukuzwa kuliko wote, akaizima. Kabisa.

"Luvanda! Wale ndio wanaotulisha!"

"Leo watafunga, bosi. Kufunga hakumuui mtu mzima."

Mashine ikizimwa huachia nafasi iliyoishika kwa kazi; nafasi ikapatikana kidogo, kiasi cha mashine nyingine kuanza kupumua. Akazihamisha zikiwa hai, ya shule, ya chai, akizipeleka kwenye ile seva kuukuu polepole, kijasho kikimtoka ndani ya chumba chenye baridi ya friji. Hakuna hata moja iliyoanguka. Mashine ya hospitali ikaamka.

Ikaamka ikiwa kipofu. Ilipoganda ilikuwa katikati ya kuandika, na picha za Atuganile zilikuwa zimevurugika. Ukizifungua unaona michirizi ya kijivu, kama mvua kwenye bati.

Luvanda akakaa chini. Semeni akaukaribia mkono wa simu, maana ahadi ni ahadi.

"Subiri, dada," akasema Tusekile.

Hospitali haikuandikiwa huduma ya nakala, na Mtweve alikuwa amemkataza Tusekile kuwapa wasichoomba. Alimkataza mbele ya watu, akamwita kichwa ngumu. Kichwa ngumu akaokota diski zilizotupwa stoo, akazipima, akaacha mbovu, na kila jioni akaweka humo nakala ya mashine ya hospitali. Sasa akazileta zimefungwa kwenye kanga. Akazichomeka. Picha zikajaa kiooni moja baada ya nyingine, na uvimbe ukaonekana, mdogo, umejibanza nyuma ya jicho.

Semeni akapiga simu. "Daktari, zipo. Nzima. Endelea."

Daktari alipoziona akasema, "Ningekata upande mwingine."

Atuganile akapona. Siwezi kuwafanya msubiri hilo, maana silo swali.

Swali lilikuja baadaye. Hospitali ilidai kwamba kuanzia sasa mashine yake iwe na mlinzi mmoja, wa ajira ya kudumu, mwenye ufunguo wake mwenyewe wa chumba cha seva, asiyeweza kuamrishwa na Mtweve. Wenye kampuni wakakubali. Ila Mtweve, mjanja yule, akaongeza lake: watu watatu wamevunja amri, kwa hiyo mmoja atashika ufunguo na wawili watakwenda nyumbani. Na ili lawama isimwangukie yeye, akasema mama wa mtoto ndiye achague.

Mama Atuganile akaja, amembeba mwanawe mgongoni, kitambaa kichwani mwa mtoto.

"Kamwene," akawaamkia. Wakaitika.

"Sema, mama, usione haya," Mtweve akamhimiza.

"Kwanza waseme wao."

Luvanda akaanza, kwa utani, lakini macho hayakucheka. "Mama, maneno matamu ya Semeni yasingeamsha mashine. Na diski za Tusekile angezimimina wapi? Kwenye kanga?"

"Wewe bwana," akasema Tusekile, "uliamsha kipofu. Kama si mimi, ungemwonyesha daktari mvua."

"Na nyote wawili," akasema Semeni, "mlikuwa mnahangaika polepole kwa sababu kisu kilikuwa chini. Nani alikiweka chini?"

Wakatazamana, wakacheka, kisha kicheko kikawakauka. Kila mmoja alijua wenzake hawakusema uongo.

Mama akageuka akamkazia Mtweve macho. "Wewe ndiye uliyemlaza mwanangu mezani bila picha. Na wewe ndiye unayebaki?"

Mtweve akatazama viatu vyake, lakini ufunguo akaunyoosha vilevile. Mama akaupokea. Akasimama nao kiganjani, na watatu wale mbele yake.

Mimi naishia hapo, zamu ni yenu. Na msinijie na "wagawane": ajira ni moja, mlango ni mmoja, na mwenye kusema wote sawa anataka tu asichukiwe na mtu. Msinijie pia na "amtupie Mtweve ufunguo wake." Akiutupa, nani atamlinda mtoto atakayelazwa pale kesho?

Aliyesema kweli kisu kikashuka? Aliyetengeneza nafasi pasipo nafasi? Au aliyekuwa akiweka akiba wakati wenzake wanamcheka?

Wewe uliyekaa pale mbele, anza. Kiganja hicho kingekuwa chako, ungemnyooshea nani? Na wale wawili ungewaambia nini, ukiwatazama usoni?