Siku Fisi Alipofungua Tanuri

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa moshi au pakawa jua?

Pakawa vyote, tusimulie.

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna taratibu.

Palikuwa na msitu ambao wanyama wake walijipatia chakula kwa kuchoma makaa. Walipanga magogo, wakafunika kwa majani na udongo, wakachoma. Tanuri likafuka, fu, fu, fu, siku saba nzima. Aliyewashinda wote kwa kazi hiyo alikuwa Bi Kalunguyeye, mdogo kama chungu cha uji, miiba mgongo mzima. Alinusa moshi tu akajua tanuri limefika wapi. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha, na kila alipounusa moshi ule alimkumbuka.

Siku moja Mfalme Simba akatangaza: msitu unakwisha, makaa basi, sasa tutapika kwa majiko ya jua.

"Lakini sitawatupa," akasema. "Kila mchoma makaa atapata gunia la mahindi la kumvusha masika, na mizinga miwili ya nyuki aanze kazi mpya. Nendeni mkajiandikishe kwa Bwana Fisi. Tena nendeni nadhifu, hii ni serikali."

Wanyama wakashuka mtoni wakajisugua, swa, swa, swa. Masizi ya miaka mingi yakaenda na maji. Bi Kalunguyeye alisugua mwiba mmoja mmoja. Nyumbani alikuwa na watoto wanne na kibaba kimoja cha unga. Gunia lile asipolipata, masika hawayavuki.

Fisi alikaa mezani, magunia nyuma yake, mate yakimdondoka.

"Wa kwanza. Onyesha viganja."

Ngiri akaonyesha.

"Visafi. Wewe hukuchoma makaa. Pita huko."

"Wa pili. Onyesha viganja."

Nyani akaonyesha.

"Visafi. Wewe hukuchoma makaa. Pita huko."

Akafika Bi Kalunguyeye. "Bwana Fisi, si ndio tumeambiwa tuoge?"

"Visafi mno. Pita huko."

Walipokwisha kupita huko wote, Fisi akachovya mikono kwenye masizi ya sufuria. Akamchovya mkewe, akawachovya wanawe, akawachovya na shemeji zake ambao hata kuni hawajawahi kubeba. Akawaandika wote. Na kwa kuwa kumwona mfalme ni mpaka upite kwa Fisi, hapakuwa na wa kumlalamikia.

Wanyama wakalia. Bi Kalunguyeye naye alilia, sitawaficha. Halafu akapangusa machozi, akamrudia Fisi, tepe, tepe, tepe.

"Hongera, Bwana Fisi. Kumbe wewe ndiye mchoma makaa mkuu."

"Tangu utotoni," akasema Fisi.

"Basi pale kilimani lipo tanuri la mwisho, tulilifunika kabla ya tangazo. Kesho mfalme, kama alivyotangaza, anakuja kuyaaga makaa. Tanuri la kuaga hufunguliwa na mkuu wetu, na makaa yote huwa mali ya mkuu huyo."

"Yote?"

"Yote. Namna ya kulifungua sikuelezi, nitakukosea adabu."

Fisi alitamani sana kuuliza. Lakini mchoma makaa wa tangu utotoni atauliza vipi? Akameza mate, gulu.

Kesho yake Simba akaja, akaketi. Tanuri lilikuwa la siku ya tatu tu, ndani jekundu. Kila mchoma makaa anajua, hata umwamshe usingizini, kwamba tanuri halifunguliwi mpaka lipoe, kwa maana likipata hewa linalipuka. Ngiri akarudi nyuma hatua kumi. Nyani hatua kumi. Bi Kalunguyeye hatua kumi, na kwa miguu yake ile ilikuwa safari. Fisi akadhani wanampa heshima. Akalifukua kwa makucha yote.

Puuu!

Moto ukaruka. Cheche zikamwangukia Fisi mgongoni, ta, ta, ta, akabingirika akilia. Wachoma makaa wakaja mbio bila kuitwa. Ngiri akamwaga mchanga, Nyani akatupa udongo, Bi Kalunguyeye akaelekeza: "Kushoto linavuja, zibeni. Juu tena. Mzimeni na Fisi." Tanuri likatulia, Fisi naye akatulia.

Simba akafungua orodha ya Fisi, akauliza mbona hawa hawamo, akaambiwa viganja vyao vilikuwa visafi mno. Akakuna ndevu. "Onyesheni viganja."

Wakaonyesha. Vyeusi tii, kana kwamba havijawahi kuona mto.

"Na wewe, Fisi, lifungue tena nione."

Fisi akarudi nyuma hatua kumi. Simba akainuka, akagawa magunia na mizinga kwa mkono wake mwenyewe.

Siku hiyo wanawe Bi Kalunguyeye walikula ugali wakasaza. Mama yao akarudi kilimani, akaunusa moshi mara ya mwisho, akamwambia marehemu kimoyomoyo kwamba kazi yake imewalisha hadi siku ilipokufa. Ilimuuma kuiacha.

Nyuki walipotoa asali ya kwanza, alimpelekea Fisi. Kinyongo hakuwa nacho. Akampaka kila alipoungua. "Ukae nayo siku tatu, usiilambe."

"Ndiyo, dada," akasema Fisi.

Bi Kalunguyeye alipogeuka tu, Fisi akailamba yote. Ndiyo maana hadi leo ana madoadoa.

Fundisho? Ukiitwa kwenye ofisi ya serikali, usioge. Nenda na masizi yako. Na mama akiuliza nani kakufundisha uchafu huo, mwambie ni Fisi.

Hadithi yangu imepoa, ifungueni. Iliyoiva chukueni, iliyo mbichi nirudishieni nikaifunike tena.