Dawati la Mbele la Mghoi

"Mfupi akikaa mbele, mrefu hanyimwi ubao." Mmeisikia leo kwa chifu mkadhani ni yake? Chifu aliiokota tu. Kaeni niwaambie ilikozaliwa, na msinikatize.

Shuleni kwetu kule mlimani tuliketi kwa kufuata matokeo ya mtihani. Wa kwanza dawati la mbele, wa mwisho nyuma kabisa. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, na hakuna aliyenung'unika. Basi akaja Mghoi, binti wa wachungaji wa bondeni, aliyeanza shule kwa kuchelewa, mfupi kama kinu. Mtihani wa kwanza akashika mkia, akapelekwa nyuma. Wa pili, mkia tena. Baba yake akasema akiushika mara ya tatu, atarudi kuchunga mbuzi. Masikini, alilia siku nzima.

Mwalimu Malemba akamleta mbele, na aliyekuwa wa kwanza, yaani mimi babu yenu na urefu wangu huu, nikapelekwa nyuma. Nilinuna, we! Kesho yake baba yangu, Mzee Righa, akaingia darasani na kitabu cha Katiba kwapani. Akakifungua, akasema sheria inakataza ubaguzi, na kiti kile mwanawe alikipata kwa jasho lake.

Mwalimu akanigeukia. Aliniambia nisome ubao nikiwa kule nyuma. Nikasoma wote, hata nukta sikuacha. Kisha akamwomba Mghoi aende nyuma, naye asome.

"Naona mashati," akasema Mghoi.

Darasa zima likacheka, isipokuwa baba.

"Na mtihani je, mwalimu? Huyu atatungiwa mwepesi?"

"Ni ule ule, Mzee Righa. Na atasahihishwa kama wenzake."

Baba akaenda nyuma, akachuchumaa mpaka akalingana na Mghoi, akatazama mbele. Alikaa hivyo kitambo, magoti yakimlia. Alipoinuka, Katiba alikuwa ameirudisha kwapani.

"Basi akae mbele," akasema. "Wangu hajanyimwa ubao."

Muhula ule Mghoi akawa wa tisa. Baba yake alifurahi hata akatuchinjia mmoja wa wale mbuzi aliotaka wachungwe. Mimi nilibaki wa kwanza, na paja nililetewa na Mghoi mwenyewe. Nililila lote, kinyongo kikanitoka.

Ndiyo maana twasema: mfupi akikaa mbele, mrefu hanyimwi ubao.